Maji Yalikuwa Wapi? Maneno kwa Wanakijiji wa Karema

Shikamooni wazee wangu. Baba paroko, mwenyekiti wa kijiji, walimu wenzangu, na mama zangu mliotoka kuanika dagaa mkaja moja kwa moja na ndoo zenu, asanteni kwa kuja. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa niseme namna ya kuwasimulia watu historia ya kijiji chetu, hapa kando ya Ziwa Tanganyika. Tangu bandari mpya ijengwe wageni wameongezeka, na mgeni akishashuka na mzigo wake akakosa gari la Mpanda, kazi yake inakuwa kuuliza. Hili jengo la nani? Nani alilijenga? Lini? Vijana wanaojibu wanajibu kila mmoja lake. Nimemsikia mmoja akisema boma, ile ngome yetu ya zamani, lilijengwa na Wajerumani, mwingine akasema Waarabu. Wa tatu akasema Mreno, nadhani kwa sababu alikuwa amebakia yeye tu.

Sitawacheka, maana kosa ni letu walimu. Mimi nimefundisha historia miaka mingi. Nimewakaririsha watoto Vasco da Gama na mabaharia wengine ambao hawakuwahi kuliona ziwa hili, na sikuwahi hata siku moja kulitoa darasa nje kwenda kuligusa boma. Siku moja mtoto wa darasa la tano akaniuliza, "Mwalimu, hao Wazungu walikuwa na akili kweli? Wanajenga ngome ya ziwani halafu wanaiweka mbali na ziwa?" Nilimwambia akae chini. Ndilo jibu la mwalimu asiyejua.

Leo nataka kumjibu yule mtoto, ambaye sasa naye ana watoto. Jibu ni kwamba ziwa lilikuwa hapa.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, ng'ambo kule Kongo. Mto huo una tabia ya kuziba. Mchanga, udongo, mafunjo na magugu vikirundikana mdomoni, maji hayatoki, ziwa linapanda. Msafiri wa Kiingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874, na msafiri mwingine, Stanley, mwaka 1876, waliukuta umejaa majani kiasi kwamba walibishana kama maji yanatoka au hayatoki. Kisha mnamo 1878 kizuizi kikavunjika. Hore, baharia wa misheni ya London aliyekaa Ujiji, alifika pale mwaka 1879 akakuta Lukuga inakwenda kwa kasi. Ndani ya miaka isiyozidi ishirini ziwa likashuka kama mita 10. Pwani yenye mwinuko mkali, mita 10 si kitu, unashuka mawe mawili matatu ukayafikia maji. Lakini pwani ya kwetu ni tambarare. Maji yakishuka kwa kimo, huku yanakimbia kwa marefu.

Sasa angalieni tarehe. Luteni Cambier wa Ubelgiji alifika Karema Agosti 1879. Alitumwa na chama alichokianzisha Mfalme Leopold II, kilichojiita cha kimataifa, cha kuifungua Afrika ya kati. Akachagua kilima kilichokuwa karibu na maji, akaanza kujenga. Hakujua kuwa mlango wa ziwa ulikuwa umekwisha kufunguka upande wa pili. Akawa anapandisha ukuta huku maji yanaondoka, na yalipoondoka yakaacha kinamasi, na kinamasi kikaleta mbu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1880, alishangaa sana mtu kuchagua mahali kama hapa. Kwa hiyo yule mtoto wa darasa la tano aliuliza swali lile lile alilouliza msafiri mashuhuri, na mimi nikamkalisha chini.

Nimeanza na maji kwa makusudi. Ukisimama bomani ukalitazama ziwa la leo ukadhani ndilo walilolitazama wao, kila utakachomwambia mgeni kitakuwa kimepinda kidogo. Utamwonyesha shamba la mpunga ukasema shamba, kumbe mitumbwi ilikuwa inapita hapo.

Na sasa tembo, maana najua watoto wanangoja tembo.

Mwaka 1879 huo huo Leopold alilipia tembo wanne kutoka India. Walipakiwa merikebuni Bombay, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, pale ambapo leo watu wanakwenda kula samaki. Walikuwa na wachungaji wao wa Kihindi, na mkubwa wa msafara alikuwa mtu wa Ireland, Frederick Carter. Nia ilikuwa wabebe mizigo mahali pa wapagazi, kisha wakifika Karema wasaidie kuwakamata na kuwafuga tembo wa kwetu. Yaani hapa pawe shule ya tembo. Njiani kulikuwa na milima, tope, jua na mizigo mizito kupita kiasi, na tembo wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Msafara ulifika Karema Desemba ukiwa umepungua sana. Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880, pamoja na mwenzake Cadenhead, kwenye vita katika nchi ya Wapimbwe alipokuwa anarudi pwani. Shule haikufunguliwa.

Kisa hiki kinachekesha, na wageni wanakipenda. Wasimulieni. Ila mkikisimulia, msikiishie kwenye kicheko. Majina ya wale tembo yameandikwa: Sosankalli, Naderbux, Sundergrund na Pulmalla. Nimeyakariri. Pamoja na tembo hao walitembea wapagazi mamia, wanadamu, kutoka pwani hadi hapa, na wengine hawakurudi kwao. Nimetafuta majina yao katika kila nilichoweza kukisoma. Mnyama ameandikwa jina, mtu ameandikwa idadi. Na wale waliofinyanga matofali ya boma hili hawakuandikwa hata idadi. Babu wa nani humu ndani alikanyaga lile tope? Hakuna kitabu cha Ulaya kitakachotujibu. Labda bibi mmoja aliyekaa nyuma kule anajua, na hakuna aliyemwuliza.

Nitapita haraka kwenye miaka inayofuata, isipokuwa jambo moja. Mwaka 1882 alikuja kuongoza boma Luteni Émile Storms. Mwaka uliofuata alivuka ziwa akajenga kituo kingine Mpala, mbele yetu moja kwa moja upande wa magharibi. Kule aligombana na mtawala wa Watabwa aliyeitwa Lusinga, ambaye naye alikuwa mtu wa bunduki na biashara ya mateka. Desemba 1884 watu wa Storms walimvamia Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilisafirishwa hadi Ubelgiji, likahifadhiwa katika makumbusho pamoja na mafuvu mengine. Storms akawa jenerali, akawekewa sanamu ya kichwa na mabega katika bustani moja ya Brussels. Sanamu hiyo iliondolewa mwaka 2022, baada ya watu wa huko kuuliza maswali kwa miaka.

Kuna mzee aliniambia nisiliseme hili mbele ya watoto. Namheshimu, lakini nimelisema. Mtu aliyeamuru lile alilala katika boma letu na kula samaki wa ziwa letu, na kaka zetu wa ng'ambo wanalikumbuka. Kijana wa Karema akikutana na Mtabwa wa Moba sokoni, asiwe yeye peke yake asiyejua.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin kugawa nchi, upande huu ukaingia katika eneo la Wajerumani, na Leopold hakuwa tena na haja ya Karema. Boma wakakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki la Kardinali Lavigerie. Ngome ikawa nyumba ya misheni. Hapo ndipo kijiji chetu, kwa maana ya watu wanaoishi pamoja wakiwa wametoka kila mahali, kinapoanza kuonekana.

Ndiyo, kabla yake walikuwepo Wabende, na jirani zao Watongwe, Wapimbwe na Wafipa. Wabende ndio wenyeji na hilo lisemwe kwanza kila mara. Lakini misheni ilikusanya watu ambao kwao kulikuwa kumechomwa: watoto walionunuliwa kutoka kwenye misafara ya watumwa, wajane wa vita vya rugaruga, wale askari wa kukodiwa wa watemi, waliokimbia wakavuka ziwa usiku. Waliitwa wakombolewa. Neno hilo tumeliacha lizame, na najua sababu. Hakuna anayetaka kuambiwa kwenye harusi kwamba bibi mzaa bibi yake alinunuliwa kwa nguo. Mimi mwenyewe upande wa mama yangu ninao mstari unaokatika ghafla: bibi huyu alikuwa mtoto wa fulani, fulani alikuwa mtoto wa... halafu kimya. Nilipokuwa kijana nilidhani wazee wamesahau. Siku hizi najua kwamba kimya kile kilikuwa ndicho jibu.

Sisemi tuwavue watu nguo hadharani. Anayetaka kusema kwao aseme, asiyetaka aachwe. Lakini kijiji kizima kinaweza kusema kwa pamoja kwamba wengi wetu tulifika hapa kwa njia hiyo, bila kumnyooshea mtu kidole. Na anayetaka jina la kulitajia, anaye mmoja ambaye hakuificha historia yake: Adrian Atiman.

Wazee wachache humu walimwona kwa macho. Alizaliwa nchi ya Mto Niger, huko tunakokuita leo Mali. Aliporwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe Algeria. Wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Akafika Karema mwaka 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu, hajui Kibende, hajui Kiswahili, hana ndugu. Akaoa hapa, binti wa ukoo wa kitawala wa Kibende. Mtoto wake akawa padri. Akatibu watu katika kijiji hiki mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67. Wakati anafika Wajerumani walikuwa ndiyo kwanza wanaigombania pwani. Wakati anafariki TANU, chama kilichodai Uhuru, ilikuwa na miaka miwili.

Kuna kitu kimoja katika maisha yake ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni kwamba aliandika. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa akiwa hai, mwaka 1946. Mtu aliyeuzwa kama mzigo alikaa chini akasema mimi nilitoka pale, mama yangu alikuwa hivi, walionichukua walikuwa hawa. Wapagazi wa Carter hawakupata nafasi hiyo. Yeye aliipata akaitumia.

Sasa tuje kwenye kazi. Karatasi zetu ziko wapi?

Ziko mbali, na zimetawanyika. Za Storms ziko Tervuren, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati. Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku: nani kafika, nani kafa, mvua, nzige, simba. Kumbukumbu za shirika hilo zinatunzwa Rumi. Masista wa Maria Malkia wa Afrika, shirika lililozaliwa hapa Karema mwaka 1907 chini ya Askofu Lechaptois, wana kumbukumbu zao. Jimbo Katoliki liliitwa Karema hadi 1969, likahamishia jina na makao Sumbawanga. Kiserikali tulikuwa Mkoa wa Rukwa, mwaka 2012 tukawa Katavi. Kila ofisi inapohama, sanduku moja linahama nayo na jingine linaachwa mvua inyeshee. Niliwahi kwenda ofisi moja, sitaitaja, kuulizia daftari la zamani la kijiji. Nikaambiwa lipo, nisubiri. Nikasubiri siku mbili. Siku ya tatu nikaonyeshwa lilipokuwa: kabati, na ndani yake mchwa.

Kwa hiyo msingoje karatasi. Anzeni na midomo iliyopo. Na hapa nina ushauri wa mtu aliyekosea sana kabla ya kupatia.

Ukienda kwa bibi ukamwambia, "Bibi, nisimulie historia ya Karema," atakuambia hajui historia, nenda kwa mwalimu. Ukimwuliza mwaka, atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Mimi nilipoteza daftari zima kwa maswali ya namna hiyo. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikamwuliza mama mmoja mzee, "Ulipokuwa binti ulikuwa unachota maji wapi?" Alinyanyuka. Akanishika mkono mpaka nyuma ya nyumba ya jirani, akanionyesha mwembe, akasema mtumbwi wa baba yake ulikuwa unafungwa hapo. Hapo, kwenye mwembe! Kisha vikafuata vyote: nani alizama, nani alioa nani, mwaka gani njaa iliingia, na majina ya majirani waliohama. Kwa muda wa saa mbili sikuuliza swali jingine.

Nilipokwenda kulinganisha, nikaona maneno yake yanashikana. Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, zilijaza maziwa yote ya Afrika Mashariki. La kwetu likaendelea kupanda hadi 1964, halafu likaanza kurudi. Basi ukijua mtumbwi ulifungwa mwembeni, unajua ni miaka gani. Mzee asiyejua kusoma ana kalenda, na kalenda yenyewe ni hili ziwa. Hata vijana mnayo yenu: mmeona wenyewe kuanzia mwaka 2020 maji yalivyopanda tena. Mtakapokuwa wazee mtasema, "Nilioa mwaka ule maji yalipoingia mwaloni," na wajukuu watajua.

Kwa hiyo ulizeni maji. Ulizeni samaki: lini migebuka ilikuwa tele, lini watu waliacha karabai wakashika taa za sola kwa kuvulia dagaa. Ulizeni meli ya Liemba: ilikuwa inasimama wapi, na nani alikuwa na mtumbwi wa kwenda kuchukua abiria katikati ya mawimbi, na nauli ilikuwa nini. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Hayo yamo vitabuni. Ambacho hakimo ni mama aliyejifungua juu yake kati ya Kigoma na hapa, na najua yumo humu, nimemwona anacheka.

Ulizeni vijiji vilivyokufa. Waingereza waliwahamisha watu wa magharibi wakawakusanya pamoja kwa sababu ya malale, na baadaye, baada ya Uhuru, ikaja Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Kila mara watu waliacha makaburi na miembe porini. Majina ya mahali hapo yanakufa na wazee watatu au wanne waliobaki. Hilo ndilo la haraka kuliko yote. Boma lina kuta, litangoja. Jina la kijiji kilichohama halina ukuta.

Andikeni kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Simu zinaanguka ziwani, kila mvuvi anajua. Andikeni nani kasema, lini, na mlikuwa mmesimama wapi. Wawili wakipingana, andikeni wote wawili, msiwapatanishe. Na ukimaliza kuandika, mrudie mzee umsomee. Atakusahihisha, na mara nyingi sahihisho ndilo lenye utamu.

Kuhusu wageni, nina neno dogo. Kuna waliopendekeza tuweke kibao pale bomani. Kiwekwe. Lakini nimeona rasimu yake: Cambier, Storms, Lavigerie, na chini kabisa "wenyeji". Rasimu hiyo irudi mezani. Nani alitoa ardhi, nani alifinyanga tofali, nani alipika, hao wakikosa majina basi pawekwe mstari mtupu na pameandikwa kwamba tunawatafuta. Mgeni akiuliza mbona pamebaki wazi, hapo ndipo mazungumzo mazuri yataanzia.

Nimesema sana na jua limepanda. Nimekubaliana na mwenyekiti hivi. Kesho asubuhi tutakutana bomani saa moja kamili. Wazee watatangulia, watoto watafuata na vigingi, sitini nimeshachonga. Tutatembea kutoka ukutani kuelekea ziwani, polepole, na kila mzee akifika mahali anapokumbuka maji yalifika, atasimama, tutapigilia kigingi, na mwalimu wa darasa la sita ataandika jina lake na anachokikumbuka. Tukifika mwaloni mitumbwi ya dagaa itakuwa imeshaingia, kwa hiyo uji tutanywea huko huko.

Mwenye nyundo aje nayo. Mwenye kamba ndefu pia, tunataka kupima.